Bosi kanipa meza bila mshahara, mume anasema nivumilie kama Maria

Mama Mkubwa shikamoo. Samahani barua ni ndefu, nimeianza mara tatu nafuta, leo nimesema naandika natuma hivohivo.

Mimi ni Mtanzania, nina miaka 35, nimeolewa, tuna binti wa miaka mitatu na nusu, tunaishi Ujerumani. Kazi yangu ni fizikia ya nyuklia upande wa nadharia na hapa naomba nieleze kidogo maana hata kwetu hawaelewi. Mama mkwe kila akipiga simu lazima aulize kama bado natengeneza mabomu, na shangazi yangu wa Tanga anaamini sijapata mtoto wa pili sababu ya mionzi. Mionzi ipi jamani, mimi nashika laptopu na karatasi tu, sijawahi kugusa hata punje ya urani maishani mwangu. Ninachofanya ni hesabu. Katikati ya atomu kuna kiini, ndani yake protoni na nyutroni, sasa sisi tunakokotoa zinashikanaje, hasa vile viini vyenye nyutroni nyingi kupita kiasi ambavyo ukivitengeneza vinavunjika kabla hujafumba jicho. Kuna namba tunaziita namba za ajabu, 2, 8, 20, 28, 50, 82 na 126, kiini kikiwa na protoni au nyutroni idadi hiyo kinatulia kuliko jirani zake. Ila ukienda kule ukingoni kwenye nyutroni nyingi namba zinaanza kudanganya. Oksijeni-28 ina protoni 8 na nyutroni 20, zote namba za ajabu, kwa hesabu ya kitabuni ilitakiwa itulie, kumbe watu wa Japani walipoipata wakatangaza 2023 kwamba haitulii kabisa, inatema nyutroni nne papo hapo. Mama Mkubwa siku nasoma ile habari sikulala. Kwangu ile ndo raha, sijui nikueleze vipi.

Nilisoma shahada nyumbani, nikapata nafasi ya diploma ya mwaka mmoja ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste, Italia, halafu PhD huku, na baada ya PhD nimefanya kazi miaka minne kwa mikataba miwili mifupi, hizi wanaita posdoki, yani wewe si mwanafunzi tena ila kazi ya kudumu huna, unasubiri foleni. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba.

Juzi bosi akaniita ofisini. Mtu mpole, sina ugomvi naye. Akasema pesa ya mradi imeisha ila kundi halitaki kunipoteza, kwa hiyo nitabaki kama mtafiti mgeni, meza yangu ipo, akaunti ya kompyuta kubwa ipo, jina langu mlangoni halitoki. Mshahara ndo hakuna. Na mimi nikasema ASANTE. Nilivyofika kituo cha tramu ndo nikaanza kulia, watu wananiangalia. Wiki hiyohiyo wanafunzi wawili wapya wa PhD wakaletwa mezani kwangu niwafundishe programu niliyoiandika mimi, ambayo sasa hivi kundi zima linaitumia.

Mume wangu ni mhandisi, ana mkataba wa kudumu hapa, ni mtu mzuri sitaki umfikirie vibaya. Nilipomwambia akanitumia WhatsApp makala ya Maria Goeppert Mayer, yule mama aliyeeleza zile namba za ajabu, alifanya kazi miaka mingi bila kulipwa na mwisho akachukua Nobel. Chini akaandika "ona, subira yavuta heri." Cha kuchekesha bosi naye alimtaja huyohuyo Maria siku ileile.

Sasa nina barua nyingine. Nimepata posdoki ya miaka miwili Marekani, Michigan, kule kwenye ule mtambo mkubwa wa viini adimu uliofunguliwa 2022. Wanataka jibu ndani ya wiki tatu. Mume nilipomwonyesha akasoma yote akanirudishia simu akasema "sikukatazi", akawasha mpira. Hajasema kingine mpaka leo, wiki ya pili hii.

Halafu kuna nyumbani. Mwalimu wangu wa zamani anasema chuoni kwao kuna nafasi ya mhadhiri, ya kudumu, niombe. Naitamani, naiogopa. Madarasa ya wanafunzi mia tatu, na hakuna hata mtu mmoja pale wa kuongea naye mambo ninayofanya. Naona kama nikirudi ndo nimezikwa kisayansi. Tena hapa Ujerumani sheria inakupa miaka 6 tu ya mikataba baada ya PhD, mimi nimeshakula minne, imebaki miwili, kwa hiyo hata nikivumilia navumilia kuelekea wapi?

Na kitu kimoja nilitaka nisikiandike. Kila mwezi namtumia mama yangu hela kidogo na ada ya mdogo wangu. Nikikaa bila mshahara itabidi nimwombe mume hela ya kumtumia mama yangu. Hatakataa. Tatizo ndo hilo, hatakataa.

Nishauri Mama Mkubwa. Nikikubali ile meza najidhalilisha? Nikienda Michigan ni mama mbaya?

Mwenye Meza, Ujerumani

*

Marahaba mwanangu, marahaba sana. Barua yako nimeisoma na mume wangu, yeye alikwama kwenye oksijeni mimi nikakwama pale uliposema asante halafu ukalilia kituoni. Na ukitaka kujua, siku hizi tukikaa mezani ananiuliza ile ya nyutroni nne inakuwaje, kwa hiyo umeshapata mwanafunzi mwingine wa bure hapa.

Nikuelewe vizuri kwanza. Umeniuliza maswali mawili mwishoni, kujidhalilisha na kuwa mama mbaya, ila barua yenyewe imejaa kitu kingine. Unaniuliza kama kuvumilia ni kazi au ni kupoteza muda, na kwa nini watu wawili unaowaheshimu wanakuona umepata bahati wakati wewe unajiona umefukuzwa kistaarabu. Nimekosea?

Tuanze na huyu Maria maana kila mtu anamtumia kama fimbo. Nimemsoma huyu mama siku nyingi, na hadithi yake ni kweli, ila wanakusimulia mwisho tu. Alipata PhD yake Göttingen, huko huko Ujerumani, mwaka 1930, akaolewa na Mmarekani, Joseph Mayer, akahamia naye Baltimore. Chuo cha Johns Hopkins wakamwajiri mume, mke hapana, kulikuwa na kanuni ya kutoajiri mke na mume pamoja, akapewa kijikazi cha barua za Kijerumani na mahali pa kufanyia kazi. 1939 wakaenda chuo cha Columbia, New York, kule akapewa ofisi bila mshahara (umeisikia wapi hiyo?). 1941 ndo akalipwa mshahara wa kufundisha, tena nusu muda, tena kwenye chuo kingine, Sarah Lawrence. Chuo cha Chicago 1946 akaitwa profesa wa kujitolea, mkate wake ulitoka maabara ya Argonne alikokuwa nusu muda. Hapo ndo akafumbua zile namba zako, 1949. Cheo cha profesa chenye mshahara kamili alipewa chuo cha San Diego, California, mwaka 1960. Hesabu mwenyewe wewe ndo mtaalamu, kutoka 1930 mpaka 1960. Na alipofika tu San Diego akapigwa na kiharusi. Nobel ikaja 1963, na gazeti la mji likaandika kichwa cha habari kwamba mama wa San Diego kashinda Nobel. Mama, sio mwanafizikia.

Sasa mwanangu, baada ya Maria ilipita miaka 55 ndo mwanamke mwingine akapata Nobel ya fizikia, 2018. Namuuliza anayekupa huyu mama kama mfano wa subira: waliovumilia wakapata wanaandikwa, na waliovumilia wakakosa wako kwenye kitabu gani? Hawapo. Walizeeka na meza zao. Tena subira ya Maria ilikuwa na mfadhili, mume wake alikuwa na mshahara nyumbani. Methali hiyo mimi naipenda, nimeitumia kwa wanangu mpaka wamechoka, lakini kila subira kuna mtu anailipia kodi ya nyumba. Ni haki kuuliza ni nani.

Ila nisimseme vibaya mumeo, umeniomba. Inawezekana alikuwa anatafuta kitu cha kukupooza akaokota cha karibu. Wanaume wengi ukiwalilia wanatafuta makala. Umeshamwambia ile makala ilikuchoma? Kwenye barua sijaiona hiyo sehemu. Na hilo neno "sikukatazi" mimi nalifahamu, nimeishi nalo. Linaweza kuwa ruhusa, linaweza kuwa hasira, linaweza kuwa hofu ya mtu anayeona mke anaondoka na hajui aombe abaki kwa maneno gani bila kuonekana anambania. Wewe umelichukua kama mlango uliofungwa. Mimi sijui ni lipi, na nahisi hata wewe hujui, mmekaa wiki mbili na mpira umewashwa. Mtafutie jioni mtoto amelala, usimuulize "niende nisiende", muulize akiiwaza hiyo miaka miwili anaona nini. Yeye na mtoto peke yao? Mtoto na wewe kule na yeye peke yake huku? Wote mmehama? Maana umeandika Michigan kama vile lazima uende peke yako, na hakuna mahali uliposema mmeliongea hilo.

Tuje kwenye meza. Unauliza kama ni kujidhalilisha. Mimi ningeuliza kwanza meza hiyo inamfaa nani. Wanafunzi wawili wamekuja kwako wiki hiyohiyo. Kundi zima linatumia programu yako. Kwa hiyo hujabakizwa kwa huruma mwanangu, umebakizwa kwa sababu ukiondoka kuna kazi inasimama, na bosi wako mpole analijua hilo hata kama hajajisemea moyoni. Mtu mwenye kitu kinachohitajika anaruhusiwa kutaja bei. Hata nusu mkataba. Hata miezi sita. Hata malipo ya kufundisha hao wanafunzi. Anaweza kukataa, pesa kweli inaweza kuwa hakuna, ila bado hujamuuliza, ulisema asante ukaondoka. Najua kwa nini, tumelelewa hivyo, mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili hata kama ni sahani tupu.

Lakini pia sitaki uitupe hiyo meza kwa hasira. Nina rafiki yangu anaishi huko muda mrefu, mtoto wake kapita njia hizi, nimempigia. Anasema kuna utaratibu wa mtafiti kuomba mradi wake mwenyewe kwa DFG, shirika la Ujerumani linalofadhili utafiti, na kuweka mshahara wake mwenyewe ndani ya maombi, hadi miaka mitatu. Majibu huchukua miezi. Sasa meza bila mshahara ukiikalia huku maombi yako yako njiani, na ina tarehe ya mwisho, hiyo ni kituo cha basi. Meza ileile bila maombi na bila tarehe ni kitu kingine kabisa, unaweza kushtuka una miaka 40 jina bado liko mlangoni. Hatari yake ni kwamba DFG wanaweza kukataa, na wengi hukataliwa, hivyo usije ukaweka mayai yote humo.

Na ile hesabu yako ya miaka miwili, nadhani umeruka mstari. Huyo rafiki yangu anasema hiyo sheria ya miaka 6 inaongeza miaka 2 kwa kila mtoto unayemlea. Una binti. Na kazi zinazolipwa kwa pesa za miradi kutoka nje ya chuo zina mlango wake mwingine. Nenda ofisi ya utumishi ya chuo wakuhesabie kwa maandishi, usimsikilize mtu wa korido, wala mimi. Ila kama ni kweli, basi hicho ulichokiona kama ukuta si ukuta. Kinachokosekana ni pesa, na pesa na sheria ni maumivu mawili tofauti, dawa zake tofauti.

Jambo jingine la haraka, hili usilale nalo. Huko mkataba ukikaribia kuisha unatakiwa ujiandikishe ofisi ya ajira miezi mitatu kabla. Kama umekatwa bima ya ajira angalau miezi 12 ndani ya miezi 30 ya mwisho, una haki ya posho ya kukosa kazi, na mwenye mtoto ni kama asilimia 67 ya mshahara unaobaki mkononi. Ila waulize wazi kuhusu kukaa kama mtafiti mgeni maana wao wanataka mtu aliye tayari kuanza kazi wakimpata. Angalia pia kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye kazi yako au kwa mumeo. Haya mambo hayana utamu najua, lakini mtu anaamua vizuri zaidi akijua Oktoba atakula nini.

Michigan sasa. Naona unavyoiandika, ile "mtambo mkubwa wa viini adimu", kalamu inacheka yenyewe. Sikiliza hicho kicheko, kina maana. Hapo hapo jiulize, baada ya miaka miwili utakuwa na miaka 37 kwenda 38, na hiyo nayo ni posdoki, foleni ileile kwenye duka kubwa zaidi. Inaweza kukufungulia uprofesa, inaweza kukuacha kwenye kituo kingine cha tramu, tena bila mtu wa kukufuata. Waandikie uwaulize bila aibu: waliopita kwenye kundi hilo wako wapi leo? Wanawake wenye watoto walifanyaje? Naweza kuanza Januari badala ya Oktoba? Naweza kufanya sehemu ya muda nikiwa Ujerumani? Kazi yako ni hesabu na kompyuta, si mtu wa kushika vyuma, huenda wakakubali kitu ambacho wa maabara asingekubaliwa. Na kuhusu mama mbaya, wanaume wangapi wa huko kwenu kazini wamehama nchi kwa miaka miwili na kuulizwa kama ni baba wabaya? Sisemi mtoto hataumia. Ataumia akikukosa, na wewe zaidi. Nasema tu hilo jina "mbaya" lisikae kwenye mizani, halina uzito wa haki.

Nyumbani umepaandika mistari minne tu, na neno kuzikwa humo humo. Nimelisoma mara mbili. Unamjua Abdus Salam, yule mwanafizikia wa Pakistani, umekula wali wa kantini yake kule Trieste. Yule bwana alirudi kwao Lahore mwaka 1951 kufundisha, upweke wa kisayansi ukamshinda, 1954 akarudi Cambridge, Uingereza. Miaka kumi baadaye, 1964, akaanzisha kituo kile ili wenzake wasilazimike kuchagua kama alivyochagua yeye. Kwa hiyo hofu yako haikuanza na wewe, na kuna watu walishaijengea nyumba. Wana mpango wa washirika, mhadhiri aliye nchi kama yetu anaenda Trieste mara kadhaa ndani ya miaka sita, anakaa anafanya kazi na watu wake. Na Kigali kuna tawi lao la Afrika Mashariki, basi tu kutoka kwetu. Haitoshi kufuta madarasa ya watu mia tatu na makaratasi ya kusahihisha, sikudanganyi, na mishahara unaijua. Na mumeo na mkataba wake wa kudumu huko, umemuuliza kama anaweza kurudi? Ila mwalimu wako akikupigia tena, mwulize maswali magumu: vipindi vingapi kwa wiki, ruhusa ya utafiti ipo, intaneti inashika, naweza kuja na akaunti yangu ya kompyuta kubwa. Usiikatae kwa sababu ya jina la kuzikwa, ikatae baada ya kusikia majibu kama hayakupendezi.

Nimeacha la mwisho makusudi, lile ulilotaka usiliandike. Hela ya mama. Hatakataa, ndo tatizo. Nimelielewa hilo mpaka kwenye mifupa. Marehemu mama yangu alikuwa akipokea hela kutoka kwangu anaikunja mara mbili anaiweka kwenye pindo la kanga, ya mkwewe alikuwa anaiweka mezani. Hela ile ile. Kwa hiyo usijilazimishe kuona ni jambo dogo, na mumeo akisema "si hela yetu sote" mwambie kuna mambo mengine hela ya wote haiyafanyi. Mkiamua ukae bila mshahara kwa muda, kaeni mpange kiasi fulani kinachoingia kwenye akaunti yako kila mwezi bila kuomba, kwa sababu unalea na unaendesha nyumba na unaandika maombi, hiyo nayo ni kazi. Na mama yako, umeshamwambia mkataba unaisha? Au bado anajua mambo ni shwari? Nadhani anastahili kujua kabla ya Septemba, huenda naye ana la kusema ambalo si mimi wala mumeo tunaliona.

Una wiki tatu, mbili labda zimeshapita. Kabla hujawajibu Michigan rudi kwa bosi wako, usiende na machozi wala asante, nenda na swali moja la kwanza: hii meza mwisho wake tarehe ngapi, na wale wanafunzi wawili nani analipwa kuwafundisha? Akishajibu niandikie, hata mistari miwili. Na shangazi wa mionzi mwambie laptopu haina urani, ina makombo ya biskuti za mtoto tu.

Mama Mkubwa